Bioanuwai: ziwa lililojaa samaki linavyoweza kuwa maskini

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti walipoburuta nyavu chini ya maji ya Ziwa Victoria, takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki waliopatikana walikuwa furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Haikupita miaka ishirini, nyavu zilezile katika Ghuba ya Mwanza zikawa zinatoka na sangara, samaki mkubwa mgeni anayekula wenzake, na furu wa kuhesabu. Ukienda kwa mizani, ziwa lilikuwa limeneemeka, kwa sababu tani zilizovuliwa zilikuwa zimepanda mara kadhaa. Ukienda kwa bioanuwai, lilikuwa limefilisika. Sioni mfano mwingine unaoifafanua dhana hii vizuri kuliko huu, na ni wa kwetu, wa Tanzania, Kenya na Uganda.

Bioanuwai ni hali ya viumbe hai wa mahali fulani kuwa wa namna nyingi tofauti. Kinachopimwa ni tofauti zao, wala si idadi yao. Shamba la miwa la ekari elfu moja limejaa uhai, lakini karibu wote ni uhai wa aina moja. Msitu mdogo wa kijiji, wenye miti, kuvu, nyuki, vipepeo na vyura, unalizidi kwa mbali. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, uliotokana na mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992, unazitazama tofauti hizo katika ngazi tatu: ndani ya spishi (aina ya kiumbe) moja, kati ya spishi na spishi, na kati ya mifumo ikolojia, yaani mazingira pamoja na viumbe wake.

Tuanze na spishi, maana hapo ndipo furu anapotushangaza. Furu ni jina moja la samaki wadogo wengi, ambao wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Wanasayansi wanakadiria kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na spishi zao zaidi ya 500, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Jambo zito zaidi ni kwamba ziwa hili lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Maji yaliporudi, mababu wachache wa furu waligawanyika na kugawanyika tena mpaka kila kazi ya ziwani ikapata mwenyewe. Wengine walikwangua mwani kwenye mawe. Wengine walikuwa na taya nene za kuvunjia konokono, wale wale ambao baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho. Walikuwepo waliokula matope, waliokula wadudu, na waliokula samaki wenzao. Na kwa kuwa furu jike hulea mayai yake mdomoni, wakatokea hata furu walioishi kwa kunyonya mayai na vifaranga kutoka midomo ya mama hao. Sijui sehemu nyingine duniani ambako uhai umefanya kazi kubwa namna hii kwa muda mfupi namna hii kati ya wanyama wenye uti wa mgongo.

Ngazi ya ndani ya spishi inaonekana vizuri migombani, ng'ambo ya ziwa hilohilo. Migomba ya matoke ya Kagera na Uganda hupandwa kwa machipukizi, kwa hiyo jeni zake zinafanana mno ingawa wakulima wanaijua kwa majina kadhaa. Mnyauko, ugonjwa wa migomba, ulipoonekana Uganda mwaka 2001, ulienea shamba hadi shamba. Mimea yenye nasaba ya karibu hivyo huugua pamoja, na mkulima hukosa pa kupata mbegu yenye kinga.

Ngazi ya tatu ni mazingira yenyewe. Mafunjo ya ukingoni mwa ziwa ni mfumo ikolojia tofauti kabisa na maji ya kina kirefu au miamba. Mafunjo huzuia udongo na mbolea zinazoletwa na mito, na ndani yake hewa ya oksijeni ni kidogo kiasi kwamba sangara havumilii. Samaki wadogo wanavumilia. Ndiyo maana palipobaki mafunjo pamebaki pia samaki ambao kwenye maji ya wazi wamekwisha.

Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa ukoloni na kuelekea uhuru. Nia ilikuwa sangara amle furu, aliyeonekana samaki wa thamani ndogo, na kumgeuza kuwa kitoweo kikubwa cha biashara. Kwa miaka ishirini hivi halikuonekana badiliko kubwa. Kisha katika miaka ya 1980 sangara, ambaye anaweza kufika urefu wa mita mbili na kuzidi kilo 100, alilipuka kwa wingi. Inakadiriwa kwamba spishi za furu zipatazo 200 zilitoweka au zikabaki chache kiasi cha kutoonekana.

Haki itendeke: sangara alileta fedha. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Kisumu na Jinja, na familia nyingi zilisomesha watoto kwa samaki huyo. Lakini hesabu ile haikuandika upande wa pili. Furu alikaushwa juani, bure, hasa na akina mama waliomuuza sokoni kwa bei ya mtu wa kawaida. Sangara ana mafuta mengi, hakauki kwa jua. Anahitaji moshi, moshi unahitaji kuni, na kuni zikakatwa vilimani. Hapo ndipo umuhimu wa bioanuwai unapoonekana bila kuhubiriwa: kila spishi inayoondoka huacha kazi ambayo mtu mwingine hulazimika kuilipia. Furu walikuwa wakila mwani na masalia yanayooza. Walipopungua, mwani ulizidi, ukazidishwa tena na mbolea, maji taka na udongo kutoka mashambani. Mwani ukifa na kuoza unamaliza oksijeni ya maji ya chini. Wataalamu bado wanajadili kipi kilitangulia, uchafuzi au sangara. Kwamba vyote viwili vilisukumana, hakuna ubishi.

Uchafuzi huo una madhara mengine ambayo watu wengi hawayajui. Furu dume wana rangi kali, wengine nyekundu, wengine buluu, na jike huchagua dume wa spishi yake kwa kuangalia rangi. Maji yakiwa na tope, rangi hazionekani, jike anakosea, na spishi mbili zinachanganyika mpaka zinakuwa moja. Hakuna aliyevuliwa na hakuna aliyeliwa, lakini spishi imepotea.

Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa bioanuwai lilieleza kwamba spishi zipatazo milioni moja duniani ziko hatarini kutoweka, na likataja visababishi vitano: kubadilisha matumizi ya ardhi na bahari, kuvuna kupita kiasi, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi, na spishi vamizi. Ziwa Victoria linavyo vyote. Makokoro na nyavu za macho madogo huchukua samaki kabla hawajazaa. Gugumaji, mmea wa Amerika Kusini, lilianza kutanda ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likafunga mialo na bandari hadi walipoletwa mbawakavu wanaolila.

Ziwa halijafa. Dagaa alistahimili, na leo ndiye protini ya nyumba nyingi. Baadhi ya furu, hasa wale wanaokula viumbe vidogo vinavyoelea majini, walianza kurudi katika miaka ya 1990, wakati sangara naye alipokuwa anavuliwa sana. Katika spishi mojawapo watafiti walikuta mashavu ya kupumulia yamepanuka kuliko zamani, dalili ya kuyamudu maji yenye oksijeni kidogo. Waliorudi ni wachache tu kati ya waliokuwepo. Wavunja konokono na walaji wa mayai hawajarudi kwa kiwango hicho.

Ngege, samaki wa asili aliyependwa sana ziwani kabla ya sato kuletwa, karibu ameisha kwenye maji makubwa. Anaishi bado katika vijiziwa vya pembeni, kama Kanyaboli kule Siaya, Kenya, ambako mafunjo ya kinamasi cha Yala yanamkinga. Kinamasi hicho kimekuwa kikikaushwa vipande vipande kwa ajili ya mashamba, na sato akiingizwa humo anaweza kuzaana na ngege na kumfuta jeni kwa jeni. Anayepanga kupanda samaki katika vijiziwa hivi asipeleke sato, na anayepima mashamba ya Yala ayaache mafunjo yanayozunguka Kanyaboli.