Jumo 222: injini ya Kijerumani iliyosifiwa kuliko ilivyofanya kazi

Mwonyeshe fundi picha ya Jumo 222 iliyopigwa kwa mbele, atakwambia bila kusita kuwa ni injini ya kupozwa kwa upepo, silinda zimezunguka kama miale ya nyota. Kosa hilo limeenea mno. Injini hii ya ndege za kivita ya kampuni ya Junkers, iliyoongozwa na mhandisi Ferdinand Brandner kuanzia mwaka 1937, ilipozwa kwa maji. Silinda zake 24 zilipangwa katika mistari sita ya silinda nne nne, kila mstari ukiachana na mwenzake kwa nyuzi 60. Kila pistoni sita zilisukuma pini moja ya krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni: konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) moja kuu, na nyingine tano zimeshikizwa juu yake. Hapo ndipo ufupi wake ulipotoka, na hapohapo beringi za konrodi zikawa kilio cha mafundi.

Wengine husema zilikuwa injini mbili zilizounganishwa. Hapana, hiyo ni DB 606 ya Daimler-Benz, ile iliyowaka moto mara kwa mara kwenye ndege ya mabomu ya Heinkel He 177.

Wapo pia wanaodai haikutoka kwenye karatasi. Ilitoka. Iliwashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1939, ikatengenezwa karibu 300, na ikarushwa kwenye baadhi ya ndege za majaribio za Junkers Ju 288, ndege ya mabomu.

Dhana ninayoiona tamu kuliko zote, na dhaifu kuliko zote, ni kwamba ingewahi tu, Vita vya Pili vya Dunia angani vingegeuka. Nguvu farasi 2,500 kutoka lita 46.4 ni nyingi kweli. Lakini Wamarekani walikuwa na Pratt & Whitney R-2800, yenye lita karibu zilezile; nguvu yake ilifika farasi 2,000 ikawa inapanda, na zilitengenezwa zaidi ya 125,000. Injini 300 zitafanya nini mbele ya hizo?

Halafu si kweli kwamba uhaba wa madini pekee ndio ulioiua. Uhaba ulikuwepo, nikeli hasa, lakini wakubwa nao hawakuiacha itulie. Kabla ya lita 46.4 kukomaa, ukaja muundo wa 49.9, kisha wa 55.5. Kila mara kipenyo cha silinda kikiongezwa, majaribio yanarudi nyuma. Mpango wa ndege ya mabomu uliokuwa ukiisubiri, ule ulioitwa Bomber B, ulifutwa Juni 1943.

Na Brandner hakuzama na injini yake. Baada ya vita Wasovieti walimchukua hadi mji wa Kuibyshev (Samara ya leo, Urusi), akaongoza Wajerumani na Waaustria walioshiriki kubuni NK-12, injini ya tabo inayozungusha rafadha za ndege ya mabomu ya Tupolev Tu-95. Ile iliingia kazini, na bado inaruka.