Kubusti gari: cheche ya mwisho iruke wapi?

Ufunguo umegeuzwa, stata inatoa "tatatata" ya haraka haraka, taa za dashibodi zinafifia kama mshumaa unaopulizwa. Hapo mtaa mzima unajua dawa: libustiwe. Kubusti, au kujampu kama wasemavyo wengi Kenya, ni kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa waya mbili nene, kwa muda mfupi, ili stata ya gari lililogoma ipate nguvu ya kuzungusha injini. Injini ikishashika, alteneta yake, yaani jenereta inayozungushwa na injini, inaendelea na kazi na waya zinatolewa. Kwa hiyo kubusti si kuchaji. Aliyebustiwa ameondoka na injini inayowaka, si na betri iliyojaa.

Betri ya gari dogo tunaiita ya volti 12, lakini ndani ina seli 6 za risasi na asidi, kila seli ikitoa volti 2.1 hivi. Ikijaa na kupumzika, multimita (kipima umeme) inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.0 imebaki kama robo. Chini ya 11.8 hamna kitu. Stata ya gari dogo la petroli inaweza kuvuta ampea 100 hadi 200 kwa hizo sekunde chache, na ya dizeli zaidi ya hapo. Ndiyo maana redio inaimba vizuri kabisa na gari haliwaki: redio inadonoa, stata inabugia. Na ukisahau taa kubwa, hesabu yake ni hii: balbu mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi, kwa hiyo betri ya ampea-saa 45 inakauka kwa saa tano.

Sasa, hatari iko wapi? Si kupigwa shoti. Volti 12 hazikurushi. Hatari ni gesi. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyopo, cheche moja inatosha kuilipua, na betri ikipasuka inamwaga asidi. Na kila unapounganisha waya za kubustia, cheche huruka kwenye kibanio cha mwisho, kile kinachokamilisha njia ya umeme. Kuizuia huwezi, ila mahali pa kuirushia unapachagua wewe. Ule mpangilio wa waya ambao watu huukariri kama sala bila kujua sababu yake umetokana na jambo hilo.

Juzi alfajiri jirani alinigongea. Taa ya ndani ya gari lake ilikesha. Nikasogeza langu pua kwa pua, bampa zisigusane, magari yote mawili yamezimwa. Kibanio chekundu cha kwanza nikakibana kwenye chanya ya betri yake, cha pili kwenye chanya ya yangu. Cheusi nikaanzia kwangu, kwenye hasi ya betri yangu. Nikabaki na kibanio kimoja mkononi, naye ananionyesha hasi ya betri yake.

"Kaka, si hapa?"

"Hapana dada, hapo panapumua."

Nikatafuta chuma kitupu kwenye injini yake, bolti nene isiyo na rangi wala grisi, mbali na betri, mbali na feni na mikanda. Nikageuza uso pembeni, nikabana. Tchak! Cheche imeruka pale pasipo na gesi. Kwa umeme hakuna tofauti yoyote, kwa kuwa hasi ya betri imefungwa kwenye bodi na injini tangu kiwandani. Arthi ni ile ile.

Nikawasha langu, likanguruma dakika tano, ndipo naye akajaribu. Stata haishikiliwi zaidi ya sekunde 10. Isipokubali, ipumzike kwanza. Lake likawaka mara ya pili. Kabla ya kutoa waya nilimwambia afungue feni na hita ya kioo cha nyuma, ili umeme utakaoshtuka vibanio vikitoka upate pa kwenda kabla haujafika kwenye kontrol boksi, ile kompyuta ya gari. Waya zikatoka kinyumenyume, kibanio cha kwanza kutoka kikiwa kile cha pale kwenye bolti.

Makosa yapo mengi, lakini linaloumiza mfuko kuliko yote ni kugeuza chanya na hasi. Fyuzi kubwa inakwenda, dayodi za alteneta zinakwenda, pengine za gari la msamaria mwema nazo. Fundi aliyetengeneza waya zake mwenyewe kwa waya wa kulehemia ana waya nzuri, nene, ila mara nyingi zote mbili ni nyeusi. Fuata alama ya + kwenye betri, usifuate mazoea. Zile za bei chee zina plastiki nene na shaba kiduchu ndani: zinapata moto na gari haliwaki. Lori na mabasi makubwa hutumia betri mbili zilizoungwa kuwa volti 24, kwa hiyo mwenye lori akikuonea huruma, mshukuru na umwache aende. Betri iliyovimba, inayovuja au inayonuka yai viza haibustiwi kabisa.

Haibridi, magari ya petroli na umeme kama Prius na Aqua, zina tabia yake. Kibetri chao cha volti 12 kinaamsha kompyuta tu; injini inazungushwa na betri kubwa. Kuibusti ni kazi nyepesi, lakini yenyewe usiitumie kubustia wengine, haikutengenezwa kwa mzigo huo. Waya za rangi ya chungwa humo ndani hazishikwi.

Kuna mchezo mwingine unanikera: gari likishawaka, mtu anachomoa terminali ya betri injini ikiendelea, eti anapima alteneta. Kwenye magari ya zamani ilipita. Kwenye gari lenye kompyuta, volti zinaweza kuruka ghafla na kuua kifaa cha bei mbaya kuliko betri kumi. Multimita inamaliza swali hilo kwa sekunde moja: injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi.

La jirani lilisoma 14.1, alteneta haina neno. Nikamwambia asizime mpaka ofisini, na jioni akirudi anipitie. Kesho yake asubuhi, kabla hajawasha, nikapima tena: 11.6, na safari hii hakuna taa iliyoachwa. Kwenye terminali kulikuwa na unga mweupe wa kijani umejazana kama chumvi, na karatasi ya duka ubavuni mwa betri ilikuwa na tarehe ya miaka mitano nyuma. Ile taa ya ndani tuliisingizia.

"Kwa hiyo nibusti tena?"

"Ubusti mara moja, ya kukufikisha dukani."