Je, Wajua? Kwa Nini Kiwele Kikubwa Mnadani Hakikuambii Ng'ombe Ana Maziwa Kiasi Gani

Ng'ombe wa maziwa akishushwa kwenye gari mnadani, watu hawamtazami usoni. Wanazunguka nyuma. Wanainama kidogo, wanakitazama kiwele, wanaonyeshana kwa midomo, na kabla dalali hajafungua kinywa bei imeshapanda vichwani mwao. Kiwele kikiwa kikubwa, kimekaza, chuchu zimetanuka pembeni, hukumu hutolewa papo hapo: huyo ana maziwa.

Nami nilihukumu hivyo. Ng'ombe wangu wa kwanza, chotara mweusi mwenye mabaka meupe, nilimnunua hapa mkoani Tabora kwa kutazama kiwele peke yake. Kilijaa hadi ngozi inang'aa, na maziwa yalikuwa yanadondoka vumbini bila mtu kumgusa. Nilipoyaona matone yale nikajua nimepata ng'ombe. Nilipomfikisha nyumbani, mama mkubwa, ambaye amefuga tangu ujana wake, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mara ya mwisho kakamuliwa lini?" Sikuwa na jibu. Asubuhi ya kwanza alitoa lita 8, jioni lita 3. Nikasema ni uchovu wa safari. Wiki mbili baadaye, akiwa ametulia na anakula vizuri, kwa siku nzima hakupita lita 6.

Nilidhani nimeuziwa mgonjwa, lakini hakuwa na ugonjwa wowote. Mimi ndiye nilikuwa sijui kiwele ni kitu gani.

Mazoea yetu ya mnadani yanachangia. Minada ya Igunga na Nzega, kama mingi ya kanda hii, imejengwa juu ya ng'ombe wa asili, zebu wenye nundu, na wengi wao wananunuliwa kwa ajili ya nyama. Kwa nyama, jicho lililozoea linatosha. Mnunuzi mzoefu hutazama mgongo, paja na mbavu, akakadiria uzito bila mizani na asikosee sana, kwa sababu nyama anayoinunua iko pale pale mbele yake. Maziwa hayako hivyo. Ukinunua ng'ombe wa maziwa, kitu unachokilipia bado hakijatengenezwa. Kitatengenezwa kesho, keshokutwa na miezi inayofuata. Kilichomo kiweleni siku ya mnada ni cha siku hiyo tu, na huenda kikamwagika njiani kabla hujafika kwako.

Kosa lenyewe ni kukichukulia kiwele kama mtungi. Mtungi mkubwa huchukua maji mengi, mdogo huchukua machache, basi na kiwele tunakipima vivyo hivyo. Nyuma ya wazo hilo kuna jingine ambalo wengi hatulisemi kwa sauti: kwamba maziwa hutengenezwa tumboni, kwenye majani, kisha hushuka kiweleni kupitia ule mshipa mnene unaojipinda chini ya tumbo. Hata jina tumeupa, mshipa wa maziwa. Niliamini hivyo hadi nilipokuwa mtu mzima. Kumbe mshipa ule haujawahi kubeba hata tone moja la maziwa. Unabeba damu, tena damu inayotoka kiweleni kurudi kwenye moyo. Damu inayoingia hupita ndani, kwenye mishipa inayoshuka kupitia kinenani, mahali ambapo jicho halifiki. Tunachokitazama kwa matumaini makubwa ni bomba la kutokea.

Maziwa hutengenezwa ndani ya kiwele chenyewe, na hapa mtu wa Tabora ana mfano mzuri kuliko wengi, kwa sababu tunaijua asali. Fikiria mzinga wa gogo uliotundikwa juu ya mti porini. Mrina asali hapangi bei kwa urefu wa gogo. Gogo kubwa linaweza kuwa na masega mawili makavu, na gogo dogo likawa limejaa hadi mlangoni. Anachokitazama ni nyuki: wangapi wanaingia na kutoka, na kwa kasi gani. Kiwele kiko hivyo. Ndani yake kuna vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, vimepangana kama vijumba vya sega. Kila kifuko kimezungukwa na ukuta wa seli, na seli hizo ndizo nyuki. Maua yao ni damu. Zinachota sukari, mafuta, madini na viini vya protini kutoka kwenye damu inayopita nje ya kifuko, zinavigeuza, na kuvimwaga ndani vikiwa maziwa.

Kazi hiyo inahitaji damu nyingi ajabu. Ili ng'ombe atoe lita 1 ya maziwa, takriban lita 400 hadi 500 za damu hupita kiweleni. Ng'ombe wa lita 10 kwa siku hupitisha damu ya kujaza lile tangi la plastiki la lita 5,000 linalokaa pembeni ya nyumba, ilhali mwilini mwake damu yote ni kama lita 30 hivi. Ni damu ileile inazunguka, usiku na mchana, zaidi ya mara mia. Tangu nilipolijua hili, siwezi kumtazama ng'ombe aliyelala kivulini akicheua nikasema amepumzika.

Na maji ya maziwa, ambayo ni karibu sehemu 87 katika kila 100, hayamiminwi tu humo. Yanavutwa. Seli hutengeneza sukari ya maziwa, laktosi, na sukari hiyo ikiwa ndani ya kifuko huvuta maji kama chumvi inavyoyavuta kutoka kwenye nyanya na vitunguu vya kachumbari. Laktosi ikiwa nyingi, maji mengi hufuata. Ndiyo maana ng'ombe aliyekosa maji ya kunywa hashuki kidogokidogo. Huporomoka.

Sasa turudi mnadani. Vifuko vikishajaa, seli hubanwa na kasi ya kutengeneza maziwa hupungua. Kwa ng'ombe wa maziwa wa kawaida kasi hubaki karibu ileile kwa kama saa 10 hadi 12 baada ya kukamuliwa, kisha huanza kushuka, na asipokamuliwa kabisa, baada ya saa 35 hivi utengenezaji husimama. Hata nyuki hawajazi sega lililokwisha kuzibwa. Kwa hiyo kiwele kilichofura kuliko vyote pale uwanjani huenda ni kiwele kilichopunguza au kuacha kazi. Pengine yule aliyesimama pembeni na kiwele cha wastani, kwa kuwa kakamuliwa alfajiri, ndiye mwenye seli zinazokimbia mbio wakati huo.

Muuzaji anaweza kumwacha ng'ombe bila kumkamua jioni ya kuamkia mnada, wakati mwingine na asubuhi yenyewe. Si kila anayefanya hivyo ana nia mbaya. Wapo waliotoka mbali, gari liliondoka usiku, hapakuwa na nafasi ya kukamua. Lakini kwa mnunuzi matokeo ni yaleyale, na hesabu yake inapotosha sana. Chukua ng'ombe wa lita 10 kwa siku, 6 asubuhi na 4 jioni. Jioni moja asikamuliwe. Asubuhi, mbele yako, atoe lita 9. Wewe unazidisha kwa mbili na kujiambia, hata jioni ikipungua kidogo, hapa sikosi lita 16. Ndoo umeiona kwa macho yako, hakuna aliyekudanganya kwa neno hata moja, na bado umelipia lita 6 ambazo hazipo. Ndilo lililonipata mimi.

Wanunuzi waangalifu husema, basi nitamkamua mwenyewe pale pale mnadani. Ni wazo zuri, ila nalo lina tatizo lake, na safari hii anayeumia ni muuzaji. Sehemu ndogo tu ya maziwa, kama moja ya tano, hukaa chini kwenye nafasi iliyo juu ya chuchu, tayari kutoka. Mengine yote yamo ndani ya vile vifuko, na hayatoki kwa kuvutwa. Lazima ng'ombe mwenyewe ayaachilie. Ukimwosha na kumpapasa kiwele, au akimsikia ndama wake, ubongo hutoa homoni iitwayo oksitosini, inasafiri kwenye damu, na ndani ya dakika moja hivi vinyama vidogo vinavyokumbatia kila kifuko hujikunja na kuyasukuma maziwa nje. Nguvu yake hudumu dakika chache tu. Ng'ombe akiogopa, homoni ya hofu, adrenalini, huizuia kazi hiyo. Na mnada ni fimbo, vumbi, honi za magari, mbwa na watu wasiojulikana. Anaweza kuwa na lita 7 kiweleni akakupa 2, nawe ukaapa kwamba amekauka.

Kwa ng'ombe wa asili jambo hili lina uzito zaidi. Zebu wengi hawaachilii maziwa bila ndama kunyonya kwanza, na machotara wengi wamerithi tabia hiyo kwa viwango tofauti. Kumnunua bila ndama wake ni kununua kiwele kilichofungwa na kuuacha ufunguo kwa muuzaji. Hakikisha pia kwamba ndama ni wake kweli, kwa sababu ndama mdogo aliyesimamishwa kando ya ng'ombe aliyezaa zamani humfanya aonekane amezaa juzi. Mama humnusa wake na kumlamba. Wa mwenzake humpiga teke.

Tarehe ya kuzaa ina maana kubwa kwa sababu maziwa hupanda baada ya kuzaa, hufika kileleni wiki ya 6 hadi ya 8 hivi, kisha hushuka mwezi hadi mwezi. Ng'ombe yuleyule ni wa lita 12 mwezi wa pili na wa lita 6 mwezi wa nane. Zote ni kweli.

Kuna ukubwa mwingine ambao hauna maziwa kabisa ndani yake. Mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa, akikaribia kuzaa mara nyingi kiwele chake huvimba kwa maji yaliyokusanyika chini ya ngozi. Kibonyeze kwa kidole kisha uachie: shimo likibaki, hayo ni maji, na yatakwisha yenyewe siku chache baada ya kuzaa. Viwele vingine vimejaa nyama na mafuta. Na kuna kilichokaza upande mmoja, chenye joto, ambacho ng'ombe hataki kiguswe. Huo huenda ni ugonjwa wa kiwele. Kamua michirizi ya kwanza ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi au kikombe cheusi. Ukiona mabonge, majimaji au damu, usiendelee na bei.

Vipi kuhusu mshipa wa maziwa, una maana yoyote? Kidogo. Damu nyingi ikiingia, lazima nyingi itoke, kwa hiyo mshipa mnene kwa ng'ombe anayekamuliwa si ishara mbaya. Ila unene wake hubadilika pia kwa umri, idadi ya uzao na unene wa ngozi, na ushahidi kwamba unaweza kumchagua ng'ombe kwa huo peke yake ni dhaifu. Mimi huutazama mwisho.

Kiwele kinachosema kweli ni kile kilichotoka kukamuliwa. Kizuri kikiisha kukamuliwa hulegea, ngozi hujikunja kwa nyuma kama mfuko mtupu, na ukikishika ni laini kote bila vinundu. Hapo unajua ukubwa ule ulikuwa wa maziwa. Kikibaki kikubwa vilevile kama kabla ya kukamua, ulikuwa unatazama nyama.

Na kumwacha ng'ombe na kiwele kilichofura si jambo dogo kwake. Inauma. Anatembea miguu ya nyuma imepanuka, anakataa kulala, na maziwa yanayovuja huacha mlango wa chuchu wazi kwa vimelea vya udongoni. Akiachwa siku kadhaa, seli zenyewe huanza kufa. Tunapomkausha ng'ombe mwenye mimba, miezi 2 kabla ya kuzaa, tunatumia njia hiyohiyo, lakini kwa makusudi na kwa wakati wake. Kumfanyia hivyo ng'ombe aliye katikati ya kipindi chake cha kukamuliwa ili apendeze mnadani ni kuharibu bidhaa unayoiuza, na anayebeba maumivu ni mnyama asiyeweza kusema.

Ng'ombe wangu wa pili sikumnunua kwa siku moja. Nilimwona mnadani, nikaomba kumfuata kwao, na mwenyewe, mzee mstaarabu, akakubali. Nilifika jioni nikashuhudia akikamuliwa hadi mwisho. Maziwa ya jioni hiyo sikuyahesabu, kwa maana sikujua yalianza kukusanyika lini. Nikalala kijiji cha jirani. Asubuhi, saa yao ya kawaida, ndama wake akiwepo na mkamuaji wake akiwa yuleyule, alitoa lita 5 na nusu. Jioni nikarudi tena: lita 4. Jumla 9 na nusu, na kiwele, ambacho mnadani wala hakikunishtua, kilikuwa kimelala kama kitambaa.