Kepu za kemshafti: kazi yake, na kwa nini hufunguliwa na kukazwa kwa mpangilio

Kepu ya kemshafti ni kipande kidogo, aghalabu cha alumini, kinachofungwa juu ya silinda hedi (kichwa cha injini) ili kemshafti, yaani shafti yenye nundu zinazofungua valvu, ikae mahali pake na izunguke bila kuyumba. Nusu ya chini ya tundu iko kwenye hedi, nusu ya juu iko kwenye kepu. Kiwandani kepu hufungwa kwanza, ndipo tundu zima huchongwa kwa pamoja. Kwa hiyo kila kepu ni ya nafasi moja tu. Namba yake inaonyesha nafasi, mshale unaonyesha upande inaotazama. Ukipachika ya 2 kwenye nafasi ya 4, tundu haliwi duara tena: shafti itabana na kukwaruzika hata kama bolti zimekazwa vizuri. Kama namba zimefutika, weka alama zako kabla ya kufungua chochote.

Shida kubwa inatoka kwa springi za valvu. Hata injini ikiwa imezimwa, baadhi ya nundu za kemshafti zimekandamiza valvu, na springi zinaisukuma shafti juu muda wote. Ukifungua kepu moja hadi mwisho huku nyingine zimekaza, upande mmoja unanyanyuka na mwingine umeshikwa. Kemshafti ya chuma cha kusubu haivumilii kupindwa, inakatika. Isipokatika yenyewe, kepu hupasuka au nyuzi za skrubu ndani ya tundu la bolti, ambazo ni za alumini, hung'oka pamoja na bolti.

Basi weka sawa alama za taiming (zinazolinganisha kemshafti na krankshafti, shafti inayozungushwa na pistoni), toa cheni au mkanda unaoziunganisha, kisha legeza kila bolti nusu mzunguko, ukitoka pembeni kuja katikati. Rudia duru hadi duru mpaka msukumo wa springi uishe na bolti zizunguke kwa vidole. Mpangilio huu ni wa injini nyingi, si zote: baadhi ya injini za Volkswagen zenye kepu 5 hutaka 1, 3 na 5 zitoke kwanza, kisha 2 na 4 zilegezwe kwa zamu. Fuata kitabu cha injini yako. Kepu iliyong'ang'ania igonge taratibu kwa nyundo ya plastiki. Usiibandue kwa bisibisi, maana huchimba uso unaokutana na hedi.

Wakati wa kurudisha, paka oili safi kwenye shingo (sehemu za duara zinazozunguka ndani ya kepu) na nundu za shafti, lakini uso wa kepu unaokaa kwenye hedi uwe mkavu na safi. Kausha pia matundu ya bolti. Oili iliyotuama chini haibanwi, na bolti ikishuka juu yake inaweza kupasua hedi.

Kukaza ni kinyume: anzia katikati kwenda pembeni, robo hadi nusu mzunguko kwa kila bolti, shafti ishuke ikiwa imelala sawa. Bolti za milimita 6 mara nyingi hutaka nguvu ya kukaza ya takriban Nm (newton-mita) 8 hadi 14 tu. Torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya nati za magurudumu haifai kabisa hapa, maana kipimo hicho kiko chini ya uwezo wake wa kupima; tafuta ndogo ya kuanzia Nm 5.

Taiming ikisharudi, zungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, ambayo ni mmoja wa kemshafti. Ikigota, usilazimishe wala usiguse swichi: valvu inagusa pistoni, au kuna kepu iliyokaa vibaya.