Kuhakiki vipimo kwenye draiva ya kadi ya michoro: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana iliyozoeleka, na ndiyo yenye madhara zaidi, ni kwamba kiraka (mabadiliko ya msimbo) kinachoongeza vipimo vya joto, feni na umeme kwenye draiva, yaani programu inayoendesha kadi, ni chepesi kwa kuwa kinasoma tu, hakiandiki kitu. Wahakiki wengi hukipitisha haraka kwa sababu hiyo.

Lakini kusoma nako ni kugusa kifaa. Kadi ikiwa imelala kuokoa umeme, rejista zake, yaani vihifadhi vidogo vya namba ndani ya kadi, zinaweza kurudisha biti zote zikiwa 1, na draiva ikaamini kuwa hilo ndilo joto. Ukiiamsha kila inaposomwa, programu inayochungulia joto kila sekunde itaikeshesha kadi usiku kucha na kumaliza betri ya laptopu. Kwangu mimi, heri msomaji arudishiwe kosa kuliko kadi kuamshwa kwa ajili ya namba moja. Vyovyote mwandishi atakavyoamua, uamuzi huo uonekane kwenye msimbo.

Wapo wanaosema kaunta ya nishati ya biti 32 inatosha. Tupige hesabu. Katika Linux, mfumo wa hwmon, unaoonyesha kila kipimo cha kifaa kama faili, hutoa nishati kwa maikrojuli, na biti 32 hufikia maikrojuli 4,294,967,295, yaani juli 4,295 hivi. Kadi inayokula wati 300 huijaza kwa sekunde 14 na ushei, kisha kaunta inaanza upya sifurini. Biti 64 zinahitajika. Hata hapo, kifaa kikizitoa kwa vipande viwili vya biti 32, kipande cha chini kinaweza kujaa katikati ya usomaji, ukaunganisha nusu ya zamani na nusu mpya. Dawa yake: soma cha juu, soma cha chini, rudia cha juu, vya juu vikitofautiana, anza tena. Hili mimi hulitafuta kabla ya kitu kingine chochote, maana kosa lake hutokea kwa nadra na halitoi onyo.

Vipimo vya hwmon pia vina kanuni zake: nyuzi 50 za Selsiasi huandikwa 50000, na wati 75 huandikwa 75000000. Kadi isiyo na feni isionyeshe faili ya feni yenye sifuri. Faili isiwepo kabisa.

"Jina la faili tutalibadilisha baadaye." Hapana. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikishatolewa na programu za watumiaji zikalitegemea, jina hilo ni ahadi.

Je, vipimo vya umeme si siri ya mtu? Mwaka 2020 watafiti walionyesha, kwa shambulio la PLATYPUS, kwamba kaunta za nishati za prosesa za Intel zinaweza kufichua funguo za usimbaji. Linux ikazifungia kaunta hizo, zisomwe na root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, peke yake. Kwa hiyo ruhusa ya 0444, inayomruhusu kila mtumiaji kusoma, kwenye faili ya nishati ya kadi nayo idaiwe maelezo.