“Ukisikia kiu umeshachelewa”, na dhana nyingine potofu kuhusu maji na chumvi

Mama mmoja aliletwa kliniki na mwanawe akiwa ameikumbatia chupa ya lita mbili. Alikuwa ameichora mistari kwa kalamu nene, na kila mstari una saa yake: saa mbili, saa nne, saa sita, mpaka chini kabisa. Ikiisha, anaijaza tena na kuanza upya. Kichwa kilikuwa kimemuuma siku tatu, anasikia kichefuchefu, na mwanawe alisema tangu jana mama anasahau majina ya wajukuu. Tulipopima damu, sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, ilikuwa 122. Kawaida ni kati ya 135 na 145. Anatumia pia kidonge cha presha, kile kinachoongeza mkojo na kuitoa sodiamu pamoja nao. Nikamuuliza, mama, maji yote haya unakunywa ukiwa na kiu? Akanijibu, “Hapana, daktari. Si ninyi mnaosema ukisikia kiu umeshachelewa?”

Hapana, mama. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii imenipa mgonjwa anayehitaji kitanda.

Hebu tuone kiu inavyokuja. Mbele ya haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, kuna vituo vidogo ambavyo havina ule ukuta unaotenga ubongo na damu. Vinaionja damu moja kwa moja. Damu ikikolea, maji hutoka ndani ya seli za vituo hivyo, zinasinyaa, na kule kusinyaa ndiko kunakozifanya zipige kelele. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bengt Andersson wa Sweden aliwadunga mbuzi maji yenye chumvi kali kwenye haipothalamasi. Mbuzi ambao hawakuwa na haja yoyote ya maji walianza kunywa papo hapo, tena kwa pupa. Damu yao ilikuwa sawa kabisa. Kilichodanganywa ni kituo.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu jibu limo humo. Ukolezo wa damu ya mtu mzima hukaa kati ya miliosmoli 275 na 295 kwa kilo (hicho ni kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake). Ukifika kama 280 hadi 285, haipothalamasi inaanza kuachia homoni ya vasopresini kupitia tezi ya pituitari, na figo zinapoipata zinarudisha maji mwilini badala ya kuyamwaga. Mkojo unakolea. Wewe husikii lolote, unaendelea na kazi zako. Kiu yenyewe hubisha hodi baadaye kidogo, ukolezo ukiwa umepanda kwa chini ya asilimia 2. Upungufu wa maji tunaouita upungufu huanzia karibu na asilimia 5. Kwa hiyo kiu imekuja wakati figo zimeshaanza kazi na hatari bado iko mbali. Imewahi. Anayekuambia umechelewa amegeuza mpangilio mzima juu chini.

Hesabu hiyo iliwekwa wazi mwaka 2002 na Heinz Valtin, mtaalamu wa figo wa Dartmouth, Marekani, alipotafuta ushahidi wa ile amri ya glasi nane kwa siku. Hakuupata. Kuna waraka wa mwaka 1945 wa bodi ya lishe ya Marekani unaotaja lita mbili na nusu kwa siku, na watu wanapenda kuutaja. Sentensi nyingine humohumo inasema sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo kwenye chakula. Hiyo hawaisomi.

Kuna jambo lingine linalonifanya niiheshimu kiu: inajua pa kuishia. Ukinywa glasi ukiwa na kiu kali, unatulia ndani ya dakika moja hivi, ingawa maji hayo yanahitaji dakika kumi na zaidi kabla ya kuibadilisha damu. Ubongo unahesabu yanayopita kinywani na kooni, na unazinyamazisha seli za kiu kwa makadirio. Kisha tumbo na damu vinahakikisha. Ukiendelea kunywa baada ya hapo, kumeza kunakuwa kuzito, kana kwamba koo linakataa. Linakataa kweli. Msikilize mtoto anaposema ameshiba maji, wala usimlazimishe amalizie kikombe.

Figo za mtu mzima mwenye afya zinaweza kutoa maji ya ziada karibu lita moja kwa saa, ilimradi vasopresini imezimwa. Tatizo ni kwamba haizimwi nyakati zote. Maumivu, kichefuchefu, mbio ndefu na baadhi ya dawa huiacha ikimwagika hata kama damu imeshakuwa nyepesi. Hapo kila glasi ya ziada inabaki ndani, sodiamu inashuka, maji yanaingia kwenye seli, na seli za ubongo hazina pa kutanukia kwa sababu fuvu halitanuki. Wakimbiaji 488 wa mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002 walitoa damu walipomaliza. Asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani. Hebu fikiria: mtu amekimbia kilomita 42 akafika akiwa mzito kuliko alipoanza.

Yule mama tulimsimamishia kidonge kile, tukampunguzia maji, tukaipandisha sodiamu polepole kwa siku kadhaa, maana kuipandisha haraka huumiza ubongo vilevile. Siku ya nne aliwataja wajukuu wote. Chupa nilimwomba asiirudie.

Kama daktari wako amekupangia unywe maji mengi kwa sababu ya mawe kwenye figo, au amekupunguzia kwa sababu ya moyo, fuata aliyokupangia. Ninayemzungumzia hapa ni mtu mzima mwenye afya anayejilazimisha.

Dhana inayofuata: “Napenda chumvi kwa sababu mwili wangu unaihitaji.” Kuna watu ambao hilo ni kweli, na ndiyo sababu silipuuzi. Mwaka 1936 Curt Richter, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliwaondolea panya tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo. Bila tezi hizo hakuna homoni ya aldosteroni, na bila aldosteroni chumvi inatoka na mkojo. Panya waliowekewa maji ya chumvi pembeni waliyanywa kwa wingi wakaishi, nao walionyimwa wakafa. Miaka minne baadaye Wilkins na Richter waliandika habari za mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu aliyekuwa akila chumvi kavu kupita kiasi. Alilazwa, akapewa chakula cha kawaida cha hospitali, akafariki baada ya siku saba. Uchunguzi wa maiti ulionyesha tezi zake za adrenali zimeharibika. Kwa chumvi ile alikuwa akijitibu mwenyewe, na hakuna aliyemwelewa. Kila ninapokumbuka kisa hicho huwa nauliza swali moja zaidi kabla ya kumruhusu mgonjwa aondoke.

Swali lenyewe ni hili: je, pamoja na hamu ya chumvi, unapungua uzito, unasikia kizunguzungu ukisimama, fizi au mikunjo ya viganja imekuwa myeusi kuliko zamani? Ukijibu ndiyo, unahitaji kipimo cha asubuhi cha kotisoli, homoni nyingine ya tezi za adrenali, pamoja na sodiamu na potasiamu, tena mapema.

Lakini wengi wanaoniambia hivyo hawana hata dalili moja. Hamu ya kweli ya chumvi inawashwa pale figo zinapohisi damu imepungua: zinatoa kemikali iitwayo renini, homoni ya anjiotensini inapanda, aldosteroni inafuata, na homoni hizo mbili zinaamsha seli maalumu kwenye ubongo. Mtu anayekula chumvi nyingi kila siku homoni hizo amezizimisha. Kinachomwomba ni ulimi uliozoea. Shirika la Afya Duniani linataka tusifikishe gramu 5 kwa siku. Punguza kidogokidogo, vumilia wiki chache za chakula kilichopooza, na ndani ya miezi miwili mitatu kile ulichokuwa ukikipenda utakiona kimezidi.

“Nakojoa sana kwa sababu nakunywa sana.” Kwa mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa, mara nyingi ni kinyume: sukari inavuta maji kwenye figo, yanatoka, damu inakolea, kiu inakuja. Vivyo hivyo kwa asiyetengeneza vasopresini, au ambaye figo zake haziisikii. Nimeona ndugu wakificha maji ili mgonjwa apumzike kwenda chooni usiku. Tafadhalini msifanye hivyo. Mpeni maji, mleteni apimwe sukari.

Mkojo mweupe kama maji nao si alama ya afya. Unaonyesha tu kwamba vasopresini imelala. Manjano hafifu inatosha, na wa asubuhi ukiwa na rangi zaidi, figo zimefanya kazi yake ya usiku. Chai na kahawa zinahesabika kama maji kwa aliyezizoea. Pombe ndiyo inayozuia vasopresini, ndiyo maana mnywaji anaamka na kiu. Na kinywa kikavu peke yake si kiu: dawa nyingi za mzio na za msongo hukausha mate, na ukimimina maji kila dakika kwa sababu hiyo utaishia alipoishia yule mama. Lowesha kinywa tu.

Kuhara na kutapika ni habari nyingine, kwa sababu hapo umepoteza maji na chumvi pamoja. Maji matupu yanaipunguzia damu ukolezo na kuizima kiu mapema, wakati damu yenyewe bado ni pungufu. Hapo ni mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kuongezea maji mwilini, si maji matupu.

La mwisho nalisikia kwa watu wanaowapenda wazazi wao: “Mzee akiwa na kiu atasema.” Hatasema. Umri unaidhoofisha kiu, na figo nazo hazikolezi mkojo kama zamani, kwa hiyo mzee anaweza kukauka huku anakuambia yuko sawa, na anasema ukweli wa anachokihisi. Aliyepoteza kumbukumbu yuko hatarini zaidi. Kwake ratiba ninayoikataa kwa wengine ndiyo ninayoipendekeza: kikombe kila mlo, kikombe kila kidonge, na kimoja katikati ya mchana. Usimuulize kama anataka. Mpe mkononi, ukae naye mpaka amalize.