Mchanga haukamati sumu ya mwani

Kila maji ya Ghuba ya Winam, huku Ziwa Victoria, yanapogeuka kijani, napigiwa simu ileile: "Chujio lilijaa ute, tukatoa mchanga wote tukauosha na klorini. Sasa unang'aa." Jamani, acheni kuosha mchanga!

Wengi wanaamini chujio la mchanga ni chekecheke, kwamba likitakata ndipo linachuja vizuri. Seli za mwani litazizuia, ndiyo. Lakini maikrosistini, sumu inayodhuru ini inayotengenezwa na mwani uitwao Microcystis, ikishatoka ndani ya seli inayeyuka majini, na chembe za mchanga haziwezi kuikamata. Wanaoimaliza ni bakteria wa ule ute mnaouchukia, pamoja na wenzao waliokaa chini yake kidogo. Baadhi yao, wakiwemo wa jenasi ya Sphingomonas, huivunja sumu hiyo na kuifanya chakula. Huchukua wiki kadhaa kujijenga, na klorini inawaua siku moja. Mnabaki na mchanga mweupe unaopitisha sumu.

Maji yakianza kupita kwa shida, kwangua sentimita moja au mbili za juu, basi. Msiache mwani uliokufa urundikane hapo, maana ukioza unaachia sumu yake. Chujio lisikauke. Na bomba lisifunguliwe lote: maji yashuke mchangani sentimita 10 hadi 20 kwa saa, bakteria wapate muda wa kufanya kazi. Mimi humshauri kila mwenye nafasi achimbe kisima kwenye mchanga wa ufukweni, mbali na vyoo, avute maji hapo badala ya ziwani moja kwa moja. Yanafika kwenye chujio yakiwa yameshaacha mwani mwingi ardhini.

"Tutachemsha." Moto hauiharibu maikrosistini, na unapasua seli zilizobaki. Mwaka 2014 sumu hii ilipoingia kwenye maji ya Toledo, Marekani, wakazi walikatazwa kabisa kuyachemsha.

"Tutatia klorini." Tieni baada ya kuchuja. Kwenye maji mabichi ya kijani inapasua seli na kumwaga sumu.

"Maji yameshakuwa meupe." Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ya kila siku ni maikrogramu 1 kwa lita. Jicho haliioni.

Ziwa likiwa na utando mzito kama rangi ya ukuta, msitegemee chujio la nyumbani. Kunyweni maji ya mvua hadi utando uondoke na maji yapimwe.